UZI: Breki za mbele za Hilux ya zamani, nifunge diski yenye matundu na kalipa kubwa au niache?

#1 Teremko_Bundi

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya watu walioshika spana.

Gari ni Hilux ya katikati ya miaka ya 80, dizeli ya 2L, foo-wili, ile yenye ekseli nzima mbele (chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu) na springi za majani mbele na nyuma. Inatoka Fort Portal, magharibi mwa Uganda, na saruji, bati na sukari, inavuka mgongo wa mlima na kuteremka bonde la Semliki kwenda Bundibugyo. Ikirudi inapanda na kakao. Mbele ina diski nyembamba, chuma kimoja kisicho na matundu ya hewa katikati. Nyuma ni drami.

Kupanda hakuna neno. Kushuka ndiko kwenye kesi. Kona za juu breki inakamata vizuri. Tukifika katikati ya mteremko na tani moja mgongoni, nakanyaga, pedali iko juu na ngumu, lakini gari linaenda tu kana kwamba halijaambiwa kitu. Harufu ya pedi inajaa ndani. Nikipaki likapoa, breki inarudi. Likiwa tupu, siku nzima hakuna tatizo.

Nasikia watu wanafunga kalipa kubwa (zile zinazobana pedi kwenye diski) na diski nene zenye matundu kutoka kwenye Hilux na 4Runner za V6, au Land Cruiser. Zinaingia bila kuchomelea? Masta silinda, ile inayosukuma oili ukikanyaga pedali, ibaki ileile? Na zinasaidia kweli, au ni urembo wa vijana wa mjini?

---

#2 Gereji_Ndeeba

Ssebo, zinasaidia. Nimefunga nyingi na wenye magari hawajarudi kulalamika.

Kalipa za Hilux zilizofuata, zile zenye suspensheni huru mbele, zinakaa kwenye nako (kile kiungo cha kukatia kona) ya ekseli nzima kwa bolti zilezile mbili. Hakuna kuchomelea. Angalia herufi zilizotokeza kwenye chuma cha kalipa yenyewe: S12 ni ya diski nyembamba, S12+8 imepanuliwa ipokee diski nene, S12W ni ya V6 na pistoni zake ni kubwa zaidi. Zote zina pistoni nne, mbili kila upande.

Kinachosumbua ni diski. Kwenye ekseli nzima diski imefungwa nyuma ya habu, kwa hiyo si kutoa tairi na kuivuta. Unafungua loki ya foo-wili kwenye gurudumu, unatoa beringi, unatoa habu yote, halafu mezani unatenganisha diski na habu. Wengi wanaotumia S12W hufunga diski ya Land Cruiser FJ60. Lile bati la kuzuia vumbi nyuma yake utalikata ukingoni, la sivyo litasugua.

Habu ikiwa nje usiwe mchoyo: sili mpya, beringi zioshwe na kupakwa grisi mpya, na uangalie mpira wa nako kama oili ya difu inapita. Oili ikifika kwenye diski, hata kalipa ya lori haitakusaidia.

Jambo dogo linaloudhi watu: nati za paipu za breki za Toyota zinafunguliwa kwa spana namba 10, na ni laini. Ukitia spana ya mdomo wazi kichwa kinakuwa duara, na hapo umeshanunua paipu mpya. Tafuta spana ya paipu, ile pete yenye mkato.

---

#3 Mwalimu_Mbale

Kabla hamjafika Kisekka, soko la spea Kampala, kununua, niruhusuni niandike ubaoni kidogo. Mimi hufundisha fizikia na gari langu ni bovu kuliko la mwenye uzi, kwa hiyo naongea kwa unyenyekevu.

Breki inageuza mwendo kuwa joto, basi. Chukua gari tupu tani moja na nusu, ongeza tani ya saruji: kilo 2,500. Ukisimama mara moja kutoka kilomita 80 kwa saa, joto linalozaliwa ni kama kilojuli 620. Breki yoyote nzima inalimudu hilo, hata ya diski nyembamba.

Sasa teremka. Tuseme kutoka mgongo wa mlima hadi bondeni unashuka mita 800. Kilo 2,500 mara 9.81 mara 800 ni karibu megajuli 20. Hiyo ni sawa na kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa zaidi ya mara thelathini, mfululizo, bila kupoa. Ni joto la kutosha kuchemsha jerikeni tatu za maji za lita 20, au upungufu wa kikombe. (Kule chini Sempaya, kwenye chemchemi za moto, ardhi inachemsha maji bure, lakini hilo ni suala jingine.)

Si lote linaingia kwenye breki. Upepo, tairi na injini vinachukua fungu lao. Swali ni fungu la injini ni kubwa kiasi gani, na linalobaki linagawanywa kati ya magurudumu mangapi.

Ndiyo maana diski yenye matundu ina faida kwa huyu bwana. Ina chuma kingi zaidi, na kila kilo ya chuma inameza kama kilojuli 46 hadi 50 kwa kila nyuzi 100 inazopanda. Halafu yale matundu yanavuta hewa kutoka katikati na kuitupa nje kila gurudumu linapozunguka. Lakini mtu asidhani atasimama kwa umbali mfupi zaidi. Kama breki za sasa zikiwa baridi zinaweza kufunga tairi likaburuzika, basi anayeamua umbali wa kusimama ni tairi na lami. Kalipa kubwa haiongezi mshiko wa tairi. Anachonunua hapa ni uvumilivu wa joto.

---

#4 Afande_Mstaafu

Swali moja kwa mwenye uzi. Unashuka na gia gani?

---

#5 Teremko_Bundi

Afande, mimi nashuka na ya tatu, kwenye kona kali ya pili. Ila sikufichi, gari huwa linaendeshwa na kijana pia, na yeye anapenda kuweka nyutro ili dizeli isiishe.

---

#6 Afande_Mstaafu

Nilijua. Nimeendesha malori ya jeshi miaka mingi, Kabale hadi Kisoro, Kapchorwa, huko Bundibugyo kwenyewe wakati barabara bado ni udongo. Nyutro imeua watu wengi kuliko breki mbovu.

Na haiokoi dizeli. Mwambie kijana hivi: pampu ya injini yako ni ya kimakanika, ndani ina gavana, yaani kidhibiti cha mafuta. Ukiwa kwenye gia, mguu umetoka kwenye mafuta, na injini inasukumwa na magurudumu juu ya sailensa yake (mzunguko wa chini wa injini bila kukanyaga mafuta), gavana anafunga mafuta kabisa. Ukiweka nyutro, injini inabaki sailensa na lazima inyweshwe ili isizime. Kwa hiyo anayeshuka kwenye gia ndiye anayetumia kidogo.

Kanuni yetu ilikuwa: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Na unaiingiza juu, kabla mteremko haujaanza. Ukisubiri hadi gari limeshika mbio, ya pili haitaingia na utabaki na pedali peke yake.

Breki inakanyagwa kwa nguvu, mwendo unapungua, unaachia, inapumua. Kuikalia kidogokidogo kutoka juu hadi chini ndiko kunakoichoma.

---

#7 Springi_Kasese

Afande amesema la msingi. Mimi naongeza moja ambalo mafundi wa mjini hawaliulizi kamwe. Ndugu, umeongeza majani ya springi nyuma?

---

#8 Teremko_Bundi

Ndiyo, matatu. Bila hayo tani moja inalaza gari.

---

#9 Springi_Kasese

Basi sogea karibu.

Lala chini ya gari lako, tazama juu ya ekseli ya nyuma. Kwenye chesisi kuna valvu ya breki yenye mkono mrefu, na mkono huo umeunganishwa na ekseli. Hiyo ni valvu ya mzigo. Kazi yake ni kupima gari limelala kiasi gani. Gari tupu, chesisi iko juu, valvu inapunguza shinikizo la breki za nyuma ili tairi tupu zisifunge na kukuzungusha barabarani. Gari lenye mzigo, chesisi inashuka karibu na ekseli, mkono unapanda, valvu inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi kamili.

Sasa wewe umeongeza majani matatu. Umepakia tani, chesisi haijashuka. Valvu inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinapewa shinikizo la gari tupu, na zile diski mbili nyembamba mbele zinabeba joto lote ambalo mwalimu amelipigia hesabu. Halafu tunazilaumu kwamba zinaungua!

Huku kwetu karibu kila pikapu ya mzigo iko hivyo. Nyingine fimbo ya valvu imekatika zamani, mkono unaning'inia. Nyingine fundi ameufunga kwa waya ili usipige kelele. Mkono unaweza kurekebishwa urefu wake, au kipande cha kuunganisha kikarefushwa, ili gari lenye majani ya ziada lisomwe sawa. Lakini usiufunge juu moja kwa moja ukasema umemaliza. Siku ya mvua ukiwa tupu, nyuma itakupita.

Fungua na drami zenyewe. Naweka dau utakuta kitu.

---

#10 Gereji_Ndeeba

Kaka Springi, hilo la valvu ni kweli, silipingi. Ila usimfanye mtu aamini kwamba valvu ikirekebishwa diski nyembamba inageuka nene. Kazi anayoifanya ni ya mteremko mrefu na mzigo kila wiki. Hata nyuma ikifanya kazi vizuri, sehemu kubwa ya kusimama iko mbele, kwa sababu uzito unaegemea mbele ukikanyaga. Mimi bado ningefunga za matundu.

---

#11 Springi_Kasese

Afunge. Lakini nyuma kwanza. Ukifunga S12W mbele na nyuma imekufa, umejenga gari linalosimama kwa magurudumu mawili, na tena kwa nguvu zaidi.

---

#12 Dada_wa_Spea

Niko Kisekka, nauza breki, kwa hiyo nisikilizeni mkijua nina maslahi. Bei sitaji, inategemea umekuja na fundi wako au umekuja na shati jeupe.

Kuhusu diski: msinunue kwa macho. Njoo na venia, kile kipimo cha unene. Diski karibu zote zina unene wa mwisho umeandikwa au kuchongwa kwenye kikombe chake au ukingoni. Diski nene zinazoingia hapa zikiwa zimetumika, nyingine zimeshakerezwa huko zilikotoka hadi zimebaki milimita moja juu ya mwisho. Zinang'aa kuliko mpya. Pima sehemu kadhaa ukizunguka, maana unene ukitofautiana ndipo pedali inapotetemeka. Watu wanasema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, imeliwa visivyo sawa au ina utando wa pedi umeganda sehemu moja.

Kuhusu pedi: geuza pedi, soma ubavuni au mgongoni. Pedi nyingi zina mstari wa herufi na namba, na mwishoni herufi mbili, kama EE, FF, FG. Ya kwanza ni mshiko wa pedi ikiwa baridi, ya pili ni ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa mteremko, herufi ya pili ndiyo yako. Pedi ya FE itakupa raha mjini na kukuacha katikati ya mlima. Boksi lisilo na herufi yoyote, pedi isiyo na herufi yoyote, nirudishieni tu hata kama ni mimi nimewauzia.

Na vumbi la breki za zamani msilipulize kwa kompresa. Pedi na shuu (pedi za drami) nyingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha, futa na kitambaa, tupa.

---

#13 Teremko_Bundi

Dada asante. Sasa masta silinda. Gereji, hukunijibu. Na pedali yangu kuwa ngumu inamaanisha masta iko sawa, siyo?

---

#14 Mwalimu_Mbale

Naomba nijibu nusu ya pili. Pedali ngumu na gari halisimami: pedi zimepita joto lake, mshiko umekufa. Pedali inayozama hadi chini na kurudi ukipampu: oili ya breki imechemka, kuna mvuke kwenye paipu. Yote mawili yanatokana na joto, ila dawa ni tofauti.

Hata hivyo usijipongeze. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwa nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango cha kupimia ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sisi tulio kwenye hewa ya Semliki tusizungumzie oili ya miaka mitano. Weka DOT 4 mpya, mfumo mzima. Ile inayoitwa DOT 5 tupu, ya silikoni, usiichanganye na hizi.

---

#15 Gereji_Ndeeba

Nilikuwa kazini. Masta inapimwa kwa kipenyo cha pistoni, mara nyingi kimeandikwa kwenye mwili wake: 13/16, 7/8, 15/16, au inchi 1. Kalipa zenye pistoni kubwa zinakunywa oili zaidi kabla pedi haijagusa diski, kwa hiyo na masta ndogo pedali inashuka zaidi. Wengi wanafunga ya inchi 1 na kusema breki sasa ni jiwe.

Mimi huanza na ileile. Nikishatoa upepo kwenye paipu za breki na kurekebisha drami za nyuma, kama pedali bado ni ndefu, naenda hatua moja juu, si tatu.

---

#16 Mwalimu_Mbale

Hesabu iko upande wa fundi. Kutoka 7/8 kwenda inchi 1, eneo la pistoni linaongezeka kwa asilimia 30. Unasukuma oili zaidi kwa asilimia 30, lakini kwa mguu uleule shinikizo linapungua kwa karibu asilimia 23. Pedali inakuwa fupi na ngumu, mtu anafurahia, kumbe ametupa sehemu ya nguvu aliyoinunua kwenye kalipa. Kwenda 15/16 ni asilimia 15 ya oili na hasara ya 13.

---

#17 Afande_Mstaafu

Busta, ile inayosaidia mguu kwa nguvu ya vakyumu, msiisahau. Dizeli haina vakyumu yake kama petroli. Kwenye injini za L za Toyota pampu ya vakyumu iko mgongoni mwa alteneta na inalainishwa na oili ya injini. Gari la umri huu alteneta imeshabadilishwa mara ngapi? Ukifungiwa yenye pampu iliyochoka, mguu wako unafanya kazi ya busta.

Jaribio: zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Shikilia mguu, washa. Pedali ikizama kidogo, busta na vakyumu vipo hai. Isipozama, anza hapo kabla ya kununua chochote.

---

#18 Koboko_Series3

Wazee wangu shikamooni. Nina Land Rover Series III, drami mbele na nyuma. Ninataka kuweka diski mbele. Haya mnayosema yananihusu?

---

#19 Gereji_Ndeeba

Marahaba. Yako ni kazi nyingine. Hilux tayari ina diski. Wewe unahama kabisa kutoka drami. Masta nyingi za drami zina kivalvu kidogo kinachobakiza shinikizo kwenye paipu ili silinda za drami zisivute hewa. Ukiunganisha diski kwenye tundu hilo, pedi hazitaachia, diski itawaka moto ukiwa kwenye lami tambarare. Na drami za mbele zinajikaza zenyewe zinapozunguka, diski haijikazi, kwa hiyo bila busta utahitaji mguu wa kondoo dume. Fungua uzi wako tutakuja.

---

#20 Teremko_Bundi

Narudi na majibu.

Jaribio la Afande: pedali ilizama, busta iko hai.

Drami za nyuma: Springi dau lako umelishinda. Kulia sili ya ekseli inavuja, shuu zimelowa oili ya difu hadi zimekuwa nyeusi tii. Kushoto kirekebishaji kimeganda kwa kutu, shuu ziko mbali na drami. Mkono wa valvu ya mzigo ulikuwepo, lakini umefungwa kwa waya kwenye chesisi, upande wa chini kabisa, yaani gari tupu daima. Sijui ni fundi yupi, gari limepita mikono mingi.

Kwa hiyo nyuma nimefanya upya: sili, shuu, silinda, kirekebishaji kimeoshwa na kupakwa grisi. Mkono wa valvu tumeurefusha. Tulipakia mifuko ya saruji ishirini tukiwa gereji tukatazama mkono unavyosogea, kisha tukaipakua, vijana wakanitukana kimoyomoyo.

Nimeteremka na diski zilezile nyembamba. Tofauti ni kubwa. Harufu imekuja, lakini mwishoni kabisa, na gari lilikuwa bado linasikia. Sasa niulize kwa uaminifu: bado nifunge za mbele?

---

#21 Springi_Kasese

Kama unashuka na ya pili na kijana ameacha nyutro, ukiniuliza mimi, pedi nzuri, oili mpya na mipira mipya ya breki (zile paipu za raba) inatosha. Mipira hiyo ni ya zamani, ikikanyagwa inavimba na kumeza nguvu. Mingine inaziba kwa ndani, oili inaenda kwenye kalipa lakini hairudi, pedi zinabaki zimegusa.

---

#22 Gereji_Ndeeba

Harufu ikija hata mwishoni maana yake uko ukingoni. Siku moja kutakuwa na lori limeharibika mbele yako kwenye kona, utasimama, utaanza tena ukiwa umeshapasha moto kila kitu. Nakushauri ufunge. Kama hutaki S12W, chukua S12+8 na diski yake. Hazikulazimishi kubadili masta, na rimu za inchi 15 hazina taabu.

---

#23 Mwalimu_Mbale

Niko na fundi safari hii. Ukingo wa usalama wa megajuli 20 usiwe mwembamba. Ila Springi yuko sahihi kuhusu mpangilio, na mpangilio umeufuata.

---

#24 Teremko_Bundi

Nimeamua S12+8, diski nene, pedi za FF, mipira mipya yote. Gereji nipe utaratibu wa kutoa upepo na kuzipasha pedi mpya, fundi wangu huku ni mzuri wa injini lakini breki anaharakisha.

---

#25 Gereji_Ndeeba

Sawa. Kalipa za kuchukua kwenye gari lililokatwa: zifungue, toa pistoni, weka sili mpya. Pistoni yenye kutu ya mashimo usiipige msasa, itupe. Kalipa ya kulia na ya kushoto zisibadilishwe pande: nipo (kichuchu) ya kutolea upepo lazima iwe juu. Ikiwa chini utatoa upepo hadi Krismasi.

Rekebisha drami kwanza, ndipo utoe upepo. Anza na gurudumu lililo mbali na masta: kushoto nyuma, kulia nyuma, kisha kushoto mbele, kulia mbele. Valvu ya mzigo ina nipo yake, usiipite. Msaidizi akanyage polepole, chupa ya masta isikauke hata mara moja. Oili iliyotoka usiirudishe.

Diski mpya ioshe mafuta yake ya ghalani kwa petroli au spiriti, na usiishike kwa mikono yenye grisi. Nati za tairi zikazwe kwa kuvuka, kidogokidogo.

Kupasha: barabara tulivu na tambarare. Nenda kilomita 60, punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, ongeza tena, rudia mpaka usikie joto, kisha endesha bila kugusa breki zipoe. Usisimame ukakalia pedali breki zikiwa moto, pedi itaacha alama yake kwenye diski na mtetemo utaanzia hapo.

---

#26 Dada_wa_Spea

Na mkifika chini ya mlima msiende moja kwa moja washing bay! Nawauzia watu diski mpya kila siku kwa sababu vijana wanapiga maji baridi kwenye chuma chekundu ili gari ling'ae. Acheni ipoe kwanza, mnywe chai.

---

#27 Teremko_Bundi

Imefungwa tangu wiki iliyopita. Bati la vumbi tulilikata kama sentimita mbili hivi ukingoni. Pedali iko palepale na masta ya zamani. Nimeshuka na mzigo wa saruji, kijana akiwa pembeni yangu akijifunza gia ya pili kwa uso wa huzuni. Chini nilisimama nikanusa: hakuna. Nilipima joto la diski kwa kile kipimo cha taa nyekundu cha rafiki, kushoto na kulia zinakaribiana, na drami za nyuma nazo zina moto sasa, kitu ambacho zamani ungeweza kuweka mkono.

Swali la mwisho: rimu za mbele ni inchi 15 na zinazunguka huru. Ningefunga S12W zingegusa?

---

#28 Gereji_Ndeeba

Inategemea rimu, za chuma nyingine zinagusa mwili wa kalipa, nyingine zinapita. Siku zote zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki, na ikigusa badilisha rimu, usikereze kalipa.

Na hiyo tairi yako ya spea ya nyuma, ni rimu ya saizi gani? Ijaribu mbele leo ukiwa nyumbani, pande zote mbili. Pikapu nyingi za umri huo zinabeba spea ya inchi 14 iliyookotwa mahali.

---

#29 Teremko_Bundi

Ni ya 14. Nimeijaribu sasa hivi, haiingii. Dada wa Spea, una rimu ya 15 ya mashimo sita?